Garanti ya miezi 24 kwenye Mercedes ya okazio: ulipe au uache?

Mimi ni fundi wa motokari, na swali lilitoka kwa mama mmoja anayeuza vitambaa hapa Lubumbashi: "Papa, jambo. Nimepata Mercedes ML 350 CDI ya mwaka 2010, imetoka Ubelgiji, usukani uko kushoto, ina kilomita 164,000 na suspansio ya hewa. Bei dola 17,500. Muuzaji anasema nikiongeza dola 2,600 atanipa garanti ya miezi 24. Mdogo wangu aliye Marekani anasema kule mtu mwenye akili hanunui Mercedes ya okazio, iliyokwisha kutumika, bila garanti ya namna hiyo. Mume wangu anasema ni pesa ya kutupa. Nakutumia picha za mkataba, kurasa tatu. Nifanye nini?"

Mama, jambo sana. Mkataba nimeusoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na kalamu mkononi. Kwa bei hiyo na kwa maneno yaliyoandikwa mle, usiulipe. Lakini usimwambie mume wako kwamba ameshinda, maana hofu yako ni ya kweli. ML ya umri huo inaweza kukutoa pesa nyingi kwa wiki moja, na dola 2,600 ulizozipanga zina kazi yake. Kazi hiyo nitakuambia. Kwanza tukae na karatasi yako.

Muuzaji amekuonyesha ukurasa wa kwanza: orodha ndefu, nzuri, injini, bwate ya vitesi (giaboksi), pampu, alternata, kompresa ya suspansio. Mtu akiisoma anaona motokari nzima inalindwa. Ukurasa wa pili ndio wenye vile visivyolipwa, na wa tatu una masharti kwa herufi ndogo. Karatasi kama hii isomwe kuanzia nyuma kwenda mbele.

Chukua suspansio. ML yako haina springi za chuma. Imebebwa na baluni nne za mpira zinazojazwa hewa na kompresa moja. Mpira unazeeka. Kwenye mikunjo unapasuka nyufa ndogo, hewa inatoka kwa tundu dogo kama la sindano, na usiku motokari inalala upande mmoja. Asubuhi unawasha, kompresa inaiinua, unaondoka bila kuona kitu. Kompresa ile imetengenezwa ifanye kazi kidogo na kupumzika. Sasa inafanya kazi kila dakika chache, huku inavuta vumbi letu jekundu la Julai na Agosti, inapata moto, mwisho inakufa.

Sasa soma. Ukurasa wa kwanza: kompresa inalipwa. Ukurasa wa pili: "baluni, mipira, sili na mabomba ya hewa" hazilipwi. Ukurasa wa tatu, mstari wa sita: hitilafu yoyote iliyoletwa na sehemu isiyolipwa nayo hailipwi. Kompresa nyingi nilizozibadilisha maishani mwangu ziliuawa na baluni inayovuja. Kwa hiyo kompresa imeandikwa kwenye orodha, lakini siku itakapokufa watakuonyesha baluni, na utarudi nyumbani na karatasi yako. Unaona mama? Hakuna neno la uongo hata moja katika kurasa zile. Kurasa tatu tu zimepangwa vizuri.

Nikupe mfano mwingine, huu niliushika kwa mikono yangu. Msimu wa mvua uliopita iliingia garajini ML yenye injini ileile ya kwako, V6 ya mazutu (dizeli) ambayo mafundi wanaiita OM642. Imetoka Kolwezi, oili inadondoka pale injini inapokutana na bwate. Garaji mbili zilikuwa zimekwisha kumwambia mwenye motokari kuwa ni spi ya nyuma ya injini, mpira unaozuia oili isitoke. Ya pili iliteremsha bwate yote, ikabadilisha spi, ikachukua pesa yake. Baada ya siku tatu oili ikarudi. Kijana ninayemfundisha kazi akaingia chini na tochi, akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema: "Papa, hii haiko spi. Inatoka kule juu."

Alikuwa sawa. Katika injini ile, kifaa cha kupoza oili kimewekwa bondeni, katikati ya safu mbili za silinda, chini ya tabo (ile inayosukuma hewa kwenye injini), mahali penye joto kali sana. Sili zake, mipira ya kuzibia oili, zinakauka, oili inajaa bondeni, inateremka kwa nyuma na kutokea palepale ambapo spi ikiharibika ingetokea. Tulipofika, nilizitoa sili zile za rangi ya machungwa, nikaziminya kwa vidole viwili. Zikavunjika kama biskuti. Mpira wa kawaida unaminywa na kurudi. Siku hizi kuna za zambarau, zinazovumilia joto zaidi, ndizo tulizoweka. Bei yake ni ndogo mno, pesa ya sokoni ya siku moja. Lakini kuzifikia lazima utoe mabomba ya hewa, tabo na vikusanyio vya hewa vya pande zote mbili, usafishe, urudishe. Siku mbili za mafundi wawili.

Mteja yule alikuwa na garanti, ya muuzaji mwingine, lakini maneno ni kama ya kwako: sili hazilipwi, na kazi ya mikono inalipwa kwa saa mbili tu. Alilipa yote mwenyewe. Kwa motokari za namna hii piesi (kipuri) mara nyingi ni ya bei ndogo na mkono ndio ghali, kwa sababu kila kitu kimefichwa nyuma ya kitu kingine. Garanti isiyolipa mkono hailipi hitilafu nyingi za Mercedes, BMW au Range Rover, hata ikilipa piesi mia moja.

Sasa hesabu, na hii ifanye wewe mwenyewe, maana wewe ni mtu wa biashara. Mkataba wako unasema: kila tukio hawalipi zaidi ya dola 1,000, ndani yake wewe unajilipia 150 za kwanza, na kwa miezi yote 24 matukio hayazidi manne. Maana yake tukio kubwa kabisa linakupa dola 850. Motokari iharibike mara tatu, kila mara kwa ukubwa wote, kila mara kwa kitu kilichomo kwenye orodha, na kila mara wakubali bila ubishi: umepata 2,550. Bado hujafika 2,600 ulizotoa. Itabidi uombe Mungu iharibike mara ya nne ndipo upate faida.

Na kitu kimoja kinaniuma zaidi. Watu wanalipa bima kwa ajili ya jambo ambalo peke yao hawawezi kulibeba. Jambo hilo kwenye ML yako ni injini kufa au bwate kufa. Hapo unazungumza maelfu ya dola, piesi itoke Dubai kwa ndege au Afrika Kusini kwa barabara, ipite Zambia, ifike mpakani Kasumbalesa, ilipiwe ushuru. Siku hiyo mkataba wako utatoa dola 850. Unalindwa kwa madogo ambayo ungeyaweza, na kwa kubwa unaachwa barabarani.

Kuhusu mdogo wako wa Marekani, usigombane naye. Anasema anayoyaona kule. Kule mkataba wa namna hii mara nyingi una kampuni ya bima nyuma yake, garaji zinazoukubali ziko kila mji, piesi inafika kesho asubuhi. Hata hivyo hata kule sheria haiuiti garanti. Mamlaka ya biashara ya serikali yao, FTC, inasema wazi kwamba ni mkataba wa huduma unaouzwa kando, kwa sababu garanti ya kweli huwa ndani ya bei ya kitu. Mwaka 2014 jarida la Consumer Reports lilitoa majibu ya wasomaji wake waliokuwa wamenunua mikataba hiyo: 55 kati ya kila 100 hawakuwahi kuitumia kwa matengenezo hata mara moja. Na mwaka 2010 kampuni kubwa iliyokuwa ikiiuza kwa matangazo ya televisheni, US Fidelis ya jimbo la Missouri, ilifilisika. Waliokuwa na mikataba wakabaki wanatafuta mtu wa kumpigia simu. Hayo yalitokea kwenye nchi yenye mahakama za haraka na mamlaka zenye meno.

Kwako, nani yuko nyuma ya karatasi? Nimetafuta kurasa zote tatu. Kuna jina la duka la muuzaji, muhuri wake na namba ya simu. Jina la kampuni ya bima halimo. Hapa Kongo, SONAS, kampuni ya bima ya serikali, ilikuwa peke yake kwenye bima kwa miaka mingi, mpaka sheria ya Machi 2015 ilipofungua soko, na sasa mamlaka iitwayo ARCA ndiyo inayotoa vibali kwa kampuni za bima. Muulize muuzaji swali moja tu: "Akiba ya kulipa matengenezo yangu iko kwa nani?" Akikutajia kampuni ya bima yenye kibali, omba barua yao. Akikuambia "iko kwangu, mama, usiogope," basi garanti yako ni duka lake. Likifunga, imekwisha. Nimeona mteja wangu akirudi mwezi wa tisa wa garanti yake kwenye parkingi aliponunua, akakuta pamejaa mifuko ya simenti, na mlinzi hamjui mtu anayemuuliza.

Usichanganye hii na bima uliyolazimishwa kuwa nayo barabarani. Ile inalipa uharibifu unaowafanyia wengine ukigonga. Bwate yako haiijui.

Kuna ulinzi mwingine ambao unao tayari bila kulipa, na wauzaji hawaupendi. Sheria yetu ya mikataba, amri ya tarehe 30 Julai 1888 ambayo bado inatumika, inamtaka muuzaji awajibike kwa kasoro zilizofichika, zile ambazo mnunuzi hakuweza kuziona na ambazo zinakifanya kitu kisifae kwa kazi yake. Muuzaji aliyeijua kasoro akanyamaza hawezi kujificha nyuma ya maneno "imeuzwa kama ilivyo": anatakiwa kurudisha bei na kulipa hasara. Asiyeijua anaweza kuandika kwamba haitoi garanti hiyo, na akapona. Ndiyo maana inakupasa upate ushahidi kabla ya kulipa, na ukikuta kasoro baadaye uende haraka, maana sheria inataka udai upesi. Kwenda mahakamani ni safari ndefu, sikufichi. Lakini muuzaji mwenye duka la kudumu, ukimwonyesha ripoti ya skana (chombo cha kusoma makosa ya motokari) yenye tarehe ya siku mliyouziana, huwa anakaa mezani.

Sasa pesa yako. Zile 2,600 zifungulie mfuko wa peke yake, usizichanganye na za vitambaa. Fungua akaunti, au mpe mtu unayemwamini, lakini zisinunue pagne hata siku moja. Kati yake toa kidogo sasa hivi kwa ukaguzi. Halafu, ukishanunua, mwaga oili zote na uweke mpya: ya injini, ya bwate na chujio lake. Usikubali maneno kwamba oili ya bwate ni ya maisha yote. Labda ya maisha ya yule wa kwanza aliyeiuza. Kinachobaki ndicho garanti yako, na kila mwezi uongeze dola 100. Hiyo 2,600 ukiigawa kwa miezi 24 inakuwa 108 kwa mwezi, kwa hiyo ni kiwango kilekile ambacho ungempa muuzaji, tofauti ni kwamba baada ya miaka miwili kilichobaki ni chako.

Jambo la mazutu nisilipite, kwa sababu mkataba wako unalitoa kwa maneno "uharibifu wa mafuta machafu". Motokari hii ina chujio la moshi kwenye bomba, linalokusanya masizi na kuyachoma lenyewe likipata joto la kutosha. Mazutu yenye salfa nyingi yanalijaza upesi. Na safari zako za Bel-Air hadi mjini, dakika kumi na tano halafu kuzima, hazilifikishi kwenye joto hilo. Jaza mahali unapopaamini, palepale, na mara moja kwa wiki peleka motokari barabara ya Likasi, nusu saa bila kusimama. Mama mmoja aliniambia ananunua mazutu kwa wauzaji wa njiani kwa sababu ni haraka. Chujio lake lilikufa kabla ya Krismasi.

Ukaguzi wenyewe. Mwambie muuzaji akuonyeshe Car-Pass. Ubelgiji, tangu mwisho wa mwaka 2006, mtu wa kawaida anayenunua motokari iliyotumika anapewa karatasi hiyo. Inaonyesha kilomita zilizoandikwa kila mara motokari ilipopita garajini au kwenye kontroli teknike, ukaguzi wa motokari. Kama anayo, linganisha na zile 164,000. Kama hana, hiyo peke yake si dhambi, maana motokari nyingine zinanunuliwa kule na wafanyabiashara kwa wafanyabiashara, lakini basi usilipie kilomita zile kana kwamba zimehakikishwa. Linganisha pia namba ya chasi, alama 17, ile iliyo kwenye kioo cha mbele, ile ya kwenye mwili na ile ya karatasi za forodha. Zote tatu ziseme kitu kimoja.

Fundi aunganishe skana na asome sehemu zote, si injini peke yake. Kama kumbukumbu ya makosa ni tupu kabisa, nyeupe pe, niamini, mtu ameifuta asubuhi hiyo. Motokari ya miaka zaidi ya kumi daima ina kosa dogo mahali fulani, hata la taa. Iendeshe kilomita arobaini, kisha isome tena, ndipo makosa ya kweli yanarudi. Ikiwa juu ya mlingoti wa kuinulia motokari, weka tochi pale chini injini inapokutana na bwate, na upitishe kidole. Kikitoka kikavu, nimefurahi kwa ajili yako. Kikitoka cheusi na chenye mafuta, unajua tayari kazi ya siku mbili, na bei ishuke kwa kiasi hicho kabla hujatoa senti.

Je, ningekubali garanti ya kulipia kwa hali yoyote? Ndiyo, ipo. Kama muuzaji ana garaji yake yenye mlingoti na skana, ukaenda ukaiona kwa macho. Kama karatasi inataja injini na bwate kwa ukomo unaofika bei halisi ya kuzibadilisha, si dola 1,000. Kama kazi ya mikono imo. Kama mstari ule wa sita wa ukurasa wa tatu umefutwa na pande zote mbili zimetia sahihi pembeni. Na kama unaenda Kolwezi au Likasi mara kwa mara, iandikwe ni nani atakayelipa kukokota motokari kurudi. Kwa mkataba wa hivyo, wa mwaka mmoja, ningekuambia ulipe hata dola 700 au 800, na usingizi wako una bei yake pia. Nilikwisha kumwambia mteja mmoja afanye hivyo, na sijutii.

Kwa huyu wako, mpe pendekezo jingine. Mwambie hutaki karatasi ya 2,600. Unataka miezi mitatu ya injini na bwate, imeandikwa, ndani ya bei ileile ya 17,500, mkono na piesi. Muuzaji anayeiamini motokari yake ataona miezi mitatu ni kitu kidogo. Akikataa miezi mitatu ya bure huku akikuuzia miezi 24, amekwisha kukuambia anachokijua.

Na suspansio utaipima hivi, haina gharama. Jioni motokari isimamishwe mahali tambarare, injini izimwe. Chukua mita ya fundi nguo, ile unayopimia vitambaa, upime kutoka katikati ya gurudumu hadi ukingo wa chuma juu yake, pembe zote nne, uandike. Asubuhi rudi kabla mtu hajafungua hata mlango, upime tena. Ikitofautiana nusu sentimita, sawa. Pembe moja ikishuka sentimita mbili au tatu, baluni hiyo inavuja na kompresa imekwisha kuchoka. Mwambie muuzaji wazi kwamba asiiwashe kabla hujafika. Ukifika ukakuta kapo (kifuniko cha injini) ina joto, funga mita yako, mwambie utarudi kesho asubuhi, na uende kweli kesho asubuhi.